Alasiri Nilizolazwa

"Mbona wewe nilikupa, na umekua, umeolewa, umezaa. Una kasoro gani?"

Mama Mdogo aliniambia hivyo bila ukali wowote, vidole vyake vikiwa bado na unga wa maandazi, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu kidogo alichosahau. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokatika. Nilikuwa nimembeba mwanangu Sharifa begani, kichwa chake kinaning'inia kama cha kuku aliyechinjwa, mate yanatiririka mgongoni kwangu. Nilikuwa nimemwita jina lake na kumpigapiga mashavu, na yeye anafungua jicho moja, analifunga. Nikakichukua kikombe cha plastiki alichonyweshewa, kilichoganda unga wa njano chini, nikakitumbukiza kwenye mkoba. Mama Mdogo akanyoosha mkono kudai kikombe chake.

"Mama," nikamwambia, "ukinigusa leo nitasahau wewe ni nani wangu."

Ilikuwa Ijumaa. Duka la vitambaa ninalofanyia kazi mjini hufungwa kwa swala ya Ijumaa, kisha tunafungua tena mpaka jioni. Siku hiyo mwenye duka alipata msiba, akatuambia tusirudi. Ndivyo nilivyofika kwa Mama Mdogo jua likiwa bado linachoma, saa ambayo hakuna mzazi yeyote anayefika. Mama Mdogo anatunza watoto wa wanawake wanaofanya kazi, pale nyumbani kwake Bigwa, na anasifiwa mtaa mzima kwamba kwake hakuna kelele. Nilikuta sebuleni mkeka mmoja mrefu, watoto wamepangwa juu yake, vichwa upande huu, miguu upande ule. Hakuna aliyekuwa anakoroma. Hakuna aliyejigeuza. Nzi wanatembea kwenye midomo yao, redio ya jirani inapiga kelele dirishani, na wao kimya. Wewe mwenye mtoto wa miaka mitatu, niambie ni lini ulimwona amelala hivyo, na wenzake wote wamelala hivyo hivyo.

Nisiseme sikuwa na dalili. Kila nilipomchukua jioni Sharifa alikuwa kama mlevi, macho mazito, midomo imekauka, anadai maji na chakula hataki. Nilimuuliza Mama Mdogo, tena na tena, kwa heshima zote. Akasema mtoto anacheza sana, anachoka. Nikakubali, kwa sababu ni yeye. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mdogo wa mama si kama mama, ni mama. Kumwachia Sharifa sikuhesabu kwamba nimemwachia mtu. Nilihesabu kwamba nimemwacha nyumbani.

Nikiwa kwenye bodaboda kuelekea hospitali, mtoto nimemfunga kifuani kwa kanga, nilifungua mkoba nikakinusa kile kikombe. Chai ya rangi yenye sukari nyingi kupita kiasi, na nyuma yake kitu kichungu kama chaki. Mdomo wangu ulijaa mate. Niwaambie ukweli unaonitia hasira mpaka sasa: mwili wangu ulifurahi. Kabla akili haijasema lolote, mabega yalilegea, nikataka kufumba macho. Nilikuwa nimekinywa kikombe kile utoto wangu mzima.

Wenzangu wa umri wangu mnaijua dawa ile. Vidonge vidogo vya njano vya mafua, vinakaa kwenye kopo kubwa jeupe pale duka la dawa, vinachotwa na kutiwa kwenye kipakiti cha nailoni. Kila nyumba ilikuwa navyo, kwenye fundo la kanga, chini ya godoro, nyuma ya kioo. Mtoto akipiga chafya, kidonge. Mtoto akiwashwa, kidonge. Hakuna aliyeiona kuwa dawa hasa. Ilikuwa kitu cha nyumbani kama chumvi.

Siku hizo Mama Mdogo alikuwa bado hajahamia chini kwenye barabara. Alikaa juu, njia ya kupandia mlimani, mahali ambapo nyumba zimeung'ang'ania mlima kama kupe. Mama yangu mzazi alikuwa Mikese, anapika chakula kandokando ya barabara kuu kwa madereva wa malori, analala na wapishi wenzake kwenye chumba kimoja ambamo usingeweza kuweka mtoto. Kwa hiyo aliniweka kwa mdogo wake. Baba sitamzungumzia, hakuna cha kuzungumza.

Mama Mdogo alikuwa na bustani ya kabichi na mchicha chini kabisa, kwenye kijito, na mteremko wa kwenda huko ni ule ambao hata mbuzi anafikiri kabla ya kuweka mguu. Asubuhi alikuwa nyumbani. Mchana jua likipungua ukali anashuka kumwagilia kwa ndoo, mpaka giza linakaribia. Watoto wake wakubwa walikuwa shule, wakirudi wanashuka naye au wanakwenda kucheza kwenye kiwanja cha chini. Mdogo wa kubaki nyumbani nilikuwa mimi peke yangu.

Basi ikifika saa ya kushuka, ananiita. Hapo ndipo nataka mnielewe, kwa sababu mjomba wangu hakunielewa na mume wangu hakunielewa. Mama Mdogo hakuwa mtu wa kubembeleza. Kuoga alikuogesha kama anayesugua sufuria. Lakini saa ile anakaa kwenye kigoda, ananiweka katikati ya magoti yake, ananifuta pua kwa ncha ya kanga hata kama haina kitu. Anasaga kidonge kwenye kikombe kwa mgongo wa kijiko, kwa utaratibu, krr, krr, krr. Anamimina chai, anatia sukari ambayo saa nyingine yoyote ni ya wageni, anaipuliza mpaka ipoe.

"Haya, mafua yako hayo, kunywa yaondoke."

Nakunywa. Ananilaza mkekani, anaweka kiganja chake kwenye paji langu la uso, kiganja kigumu kinachonuka majani ya mchicha, na hakitoi mpaka nimeondoka duniani. Nilikuwa naamka asubuhi nikisubiri saa hiyo. Nikiona jua limesimama juu ya kibanda cha jiko, najisogeza mwenyewe karibu na kigoda. Wakati mwingine nilijilazimisha kupiga chafya.

Sikuwa na mafua. Ila nilijua ninayo. Nilidhani mafua ni kitu kinachokaa ndani ya mtu, kama ini, na kwamba wengine wamezaliwa nacho kidogo na mimi nimezaliwa nacho kikubwa. Nilikuwa nikikutana na mtu mzima njiani namwambia, "Shikamoo, mimi nina mafua." Watu wanacheka, wananijibu, "Marahaba, pole." Nilipenda ile pole.

Kitu ambacho sikukielewa ni siku ilivyokuwa inakatika. Nilikuwa nakunywa chai jua likiwa bado juu, kisha nafungua macho na kuna moshi wa majiko, ukungu umeshuka, kuku wanapanda kulala. Katikati hakuna kitu. Sikukumbuka kulala, maana usingizi wa kawaida una ndoto na kugeuka na kusikia sauti, na ule haukuwa na chochote. Nikatafuta sababu, na sababu ilikuwa imesimama mbele yangu. Upande wetu jua huzama mapema nyuma ya kilele, kivuli kinateremka kutoka juu kinafunika migomba, kinafunika paa, kinafunika uwanja. Nikaona sawa, mlima ndio unaokula alasiri. Mjini kule chini, mabati yanayong'aa, wao hawana mlima juu ya vichwa vyao, kwa hiyo wanazo alasiri. Sisi hatuna. Niliwahurumia watu wote wa mlimani.

Nilimweleza Mwanaidi, binti mkubwa wa Mama Mdogo, ambaye ndiye alikuwa ananisuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitana kimeingia kwenye nywele zangu.

"Mlima unakula alasiri," akarudia.

"Ndiyo. Wewe huoni?"

"Mimi huwa nakuwa kiwanjani, nacheza rede."

"Saa ngapi?"

"Alasiri, we popo."

Popo lilikuwa jina langu. Watoto wote waliniita hivyo, kwa sababu nilitokea giza likiingia. Wao wanarudi wameshacheza, miguu ina vumbi mpaka magotini, wanasimulia nani kaanguka, nani kamwibia nani ndizi, na mimi ndiyo kwanza natoka mlangoni napangusa macho, nataka kucheza. "Popo ameamka, tukaoge." Wananipita. Nilikuwa nachukua mpira wao wa makaratasi naurusha ukutani mwenyewe, naupokea mwenyewe, mpaka naitwa kula. Nilijifunza kucheza michezo yote ya watu wawili nikiwa mmoja. Mpaka leo mume wangu ananiambia nazungumza peke yangu jikoni, na kweli nazungumza, najiuliza na kujijibu.

Kisha Mwanaidi akavunja ungo, akawekwa ndani, akawa mwali. Alikaa ndani muda mrefu, na sisi wadogo tulikatazwa hata kuchungulia. Nilikosa wa kunisuka, nywele zikawa kama kiota. Lakini nilipewa ahadi. Bibi mmoja wa ukoo aliyekuwa anamfunda alisema siku ya kumtoa mwali, akibebwa mabegani na kuzungushwa, mimi ndiye nitakayetembea nyuma nikiwa nimeshika ncha ya kanga yake. Sijui kama ilikuwa kazi ya kweli au maneno ya kumnyamazisha mtoto. Kwangu ilikuwa kazi. Mama alinitumia gauni kutoka Mikese, jekundu lenye mikono ya puto, nikawa nalala nalo pembeni.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Masufuria makubwa ya pilau, wanawake wanaimba tangu asubuhi, ngoma zinakazwa kwa moto. Nilivaa gauni langu nikasimama karibu na mlango wa mwali nisije nikasahaulika. Mama Mdogo alikuwa anakimbizana, jasho linamtoka, kila mtu anamwita. Jua liliposimama juu ya kibanda cha jiko, akaniita na mimi.

"Njoo unywe kwanza."

"Leo nashika kanga ya Mwanaidi."

"Utashika. Kunywa kwanza, usije ukachoka."

Alikaa kwenye kigoda, na watu wote wale wakimsubiri. Akasaga, akapuliza. Nilijiona mtu mkubwa sana, kwamba siku kama ile amenipa nafasi. Nikanywa yote nikalamba na ukingo.

Niliamka mkekani. Ilikuwa kimya. Nilitoka nje na gauni limejisokota, limelowa, kwa sababu usingizi ule haukuwa unaniamsha hata kwa haja ndogo. Uwanja ulikuwa umekanyagwa mpaka udongo umekuwa unga. Punje za wali kila mahali, mbwa ameingiza kichwa kwenye sufuria. Ukungu ulikuwa umeshashuka. Nilisimama ukingoni mwa uwanja nikasikiliza, nikasikia ngoma iko mbali sana chini, inakwenda inapungua, kisha sikuisikia tena. Nikakaa chini pale pale. Sikulia. Nilikuwa nafikiri mlima umefanya makusudi.

Walirudi wamekauka sauti. Mwanaidi alinipita amepakwa mafuta, amevaa shanga, macho chini kama mwali anavyotakiwa, hakuniona. Nikamvuta Mama Mdogo nguo.

"Mbona hamkuniamsha?"

"Tulikuita. Hukuamka. Una usingizi wa maiti wewe mtoto."

Watu wakacheka. Ikawa hadithi ya ukoo. Harusini, arobaini, sikukuu ya Idi, lazima mtu aseme, "Huyu si ndiye aliyelala ngoma ya Mwanaidi." Na mimi nacheka nao. Nimecheka miaka yote hiyo. Nilikwenda shule, mwalimu wa darasa la kwanza akaandika kwamba mimi ni mzito, nikasema ni kweli, nina usingizi wa maiti. Nikiwa sekondari, usiku wa kuamkia mtihani nilikuwa simwamini mtu kuniamsha, nakaa nimeegemea ukuta. Kila kitu nilichokikosa maishani nilijiambia nilikuwa nimelala. Mtu hawezi kukasirika na wenzake kwa sababu alilala yeye.

Nilikwenda Mikese kidogo kabla ya kuanza shule, wakati Mama Mdogo alipovunjika mkono kwenye ule mteremko. Mama alikuwa ameshapata chumba. Siku ya kwanza chai yangu ya mchana haikuja. Nikasubiri. Jua likasogea kidogo, kidogo sana, na bado lipo. Malori yanapita, vumbi linatulia, malori mengine yanapita, na jua lipo. Sikuwahi kuona kitu kirefu namna ile. Nikamfuata mama pale mekoni.

"Mama, jua limekwama?"

Mama aliweka mwiko chini kwa kucheka. Akawaambia madereva waliokuwa wanakula, nao wakacheka, mmoja akasema, "Limekwama kweli, mwambie mama yako alisukume." Nikaanza kulia, nikadai chai yangu ya mafua, nikadai kushikwa paji la uso.

"Mafua gani?" mama akasema. "Wewe huna mafua."

Nilimrushia mchanga. Nilimwambia ninayo, Mama Mdogo anajua, yeye hajui kitu. Alinitazama, tabasamu limemfutika. Kisha akachukua mwiko wake akaendelea kukoroga. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya mchanga.

Haya yote yalinirudia hospitali, nimekaa kwenye benchi, mtoto ametundikiwa dripu. Daktari alikuwa amekinusa kikombe, akakwangua chini kwa ukucha.

"Hii ni dawa ya mafua. Amepewa vidonge vingapi?"

"Sijui."

"Anapewa mara kwa mara?"

"Nadhani kila siku."

Alinirudishia kikombe. "Mama, hii haipewi mtoto ili alale. Mwenye umri huu hapewi kabisa mpaka aliyesomea aamue, na kwa kipimo. Leo ameamka. Siku moja kifua kinambana, au anatapika akiwa hajitambui, na hapo hutapata wa kumwamsha."

Sharifa alizinduka vizuri asubuhi. Akaomba maji, akanywa mpaka akapaliwa. Nikamkumbatia. Akatazama nyuma ya bega langu, mlangoni, akauliza, "Bibi yuko wapi? Nataka Bibi." Bibi ndiye Mama Mdogo. Analia, anajishika paji lake la uso kwa mkono wake mwenyewe. Nilitoka nje ya wodi nikaupiga ukuta teke.

Siku iliyofuata, tukiwa tumesharuhusiwa hospitali, nilikwenda duka la dawa ambako Mama Mdogo ananunua. Kijana mwenye koti jeupe alinijibu akiwa anatazama simu.

"Yule mama wa watoto? Mteja wetu huyo, anachukua kopo zima. Ni dawa ya mafua tu dada, haina neno."

"Hukumuuliza mafua ya nani yanayotaka kopo zima?"

"Mteja haulizwi anakwenda kuifanyia nini."

"Na mtoto wa miaka mitatu?"

"Mtoto unampa nusu," akasema, na hapo ndipo aliponitazama usoni akaona si muda wa kuzungumza na mimi.

Nikampigia mama Mikese. Bado anapika huko, sasa ana banda lake. Nilimwambia yote kwa mfululizo, nikamuuliza kama alikuwa anajua. Nilisikia lori linapunguza gia nyuma yake.

"Nilijua," akasema. "Wote walipewa. Kule kuna korongo, mwanangu. Ulitaka nikuache na nani?"

Nikakata simu, na swali hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Baba Sharifa yuko Dar kazini, naye akaniambia kwa simu nimalizane na watu wa kwetu. Nikawa nimebaki mimi na mtoto chumbani. Kazini niliomba ruhusa, nikapewa siku chache. Ukimya wa chumba kile niliujua, nilikuwa nimekutana nao zamani.

Kisha Mjomba Kibwana akashuka kutoka juu. Kwetu mjomba akishuka kwa ajili yako, jambo limekuwa kubwa, na neno lake ndilo la mwisho. Alikuja na kuku aliyetumwa na Mama Mdogo, amefungwa miguu, akamweka mlangoni. Nilimpa shikamoo, nikamwekea kiti, nikakaa mkekani.

"Nimesikia unataka kwenda ofisi za watu," akasema.

"Ndiyo, Mjomba. Ustawi wa jamii."

"Yule ni mama yako. Mama hashtakiwi. Amekosea, nimemsema, amelia. Amesema hatarudia."

"Na wale watoto wengine?"

"Wale wana mama zao."

"Mama zao hawajui. Wanamsifu kwamba kwake hakuna kelele."

"Basi wewe ndiye mama wa Bigwa nzima." Alisema hivyo kwa kunitania, akangoja nicheke. Sikucheka. Akajisogeza mbele kwenye kiti. "Nikuulize kitu kimoja. Keshokutwa unarudi dukani. Sharifa unamwacha na nani? Ukishamwandika yule mama, nani wa ukoo huu atakupokelea mtoto? Ukifiwa, nani atakuja? Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Ukaona nini?"

"Nimeona hakuna mtu."

"Sasa."

"Sasa nitakwenda hivyo hivyo, Mjomba."

Nilidhani atafoka, ningependa afoke. Aliinuka, akavaa kofia yake vizuri, akaniaga kwa adabu kama anavyoaga watu wa mbali. Kuku alimwacha. Nilimrudisha mwenyewe kwa Mama Mdogo jioni ile, nikamweka ukumbini bila kubisha hodi. Ule mkeka mrefu wa watoto ulikuwa umeanikwa uani.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, Sharifa mgongoni. Afisa alikuwa dada wa rika langu, amejitanda mtandio, ana sauti ya mafua ya kweli. Nilikuwa nimeshaandika nyumbani, kwa mkono, nimeeleza kituo, dawa, duka linalouza, cheti cha hospitali nimekibana kwa nyuma. Niliomba watoto wote wa pale wapelekwe kupimwa na mama zao waelezwe. Alisoma taratibu, akafika katikati akarudi juu.

"Hapa umechanganya, dada. Unaanza na mtoto wa miaka mitatu, huyo nimemwelewa. Halafu kuna bustani, kuna ngoma, kuna mtoto mwingine. Huyu wa pili ni nani?"

"Ni mimi."

Aliweka kalamu chini. "Wewe ni mtu mzima."

"Wakati ule sikuwa."

"Hilo ni la zamani mno. Sikudanganyi, hakuna atakayelishughulikia."

"Sijauliza kama litashughulikiwa. Nauliza kama linapokelewa."

Aliniangalia, akamwangalia Sharifa aliyekuwa anachezea ncha ya kanga niliyombebea. Akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi nyingine tupu. "Basi tenganisha. La mtoto peke yake, la kwako peke yake. Kila moja na muhuri wake."

Nikakaa pale kwenye benchi la wageni, karatasi juu ya goti. Hii ndiyo niliyoiandika, na nakala yake ninayo.

Mtoto aliyetendewa: nikaandika jina langu. Umri wake: hajaanza shule. Mlalamikiwa: nikaandika jina lake kamili, ambalo sikuwahi kulitamka maishani. Uhusiano: mama.

Maelezo: Mlalamikiwa alikuwa akinipa dawa ya mafua kila mchana nikiwa sina ugonjwa, ili nilale yeye ashuke bustanini. Hakunipiga. Hakuninyima chakula. Alinishika kwa upendo wakati wa kunipa, na siwezi kusema kama upendo huo ulikuwa wa uongo. Nilipokosa mambo ya wenzangu niliambiwa kosa ni langu, nikaamini mpaka nimekuwa mama. Hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa sababu wote wanaoweza kumuuliza ni ndugu.

Mlalamikaji anaomba nini: Naomba aitwe hapa, aketi mbele yangu, aulizwe na mtu asiye wa ukoo wetu, na mimi niwepo, nikiwa macho, nimsikie anajibu.